Sakombi Inongo: kutubu bila kushusha mikrofoni

Tarehe 18 Januari 2001, siku mbili baada ya Laurent-Désiré Kabila kupigwa risasi katika makazi yake mjini Kinshasa, waziri wa mawasiliano alitokea kwenye televisheni ya taifa akatangaza kwamba rais amefariki. Muda wote huo serikali ilikuwa imeng'ang'ania kwamba Mzee amejeruhiwa tu, ilhali Brussels ilikwisha kusema amekufa. Habari yenyewe ilikuwa imechacha. Waliokuwa na umri wa kutosha walimtazama zaidi mtangazaji. Alikuwa Dominique Sakombi Inongo, mtu aliyeisimamia propaganda ya Mobutu miaka thelathini nyuma, akatubu hadharani, akahubiri, kisha akarudi serikalini kumsemea yule aliyemng'oa Mobutu. Sasa ndiye aliyekuwa akitoa tanzia yake.

Siku ile Kisangani haikuwa chini ya serikali ya Sakombi. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi wa RCD-Goma walioungwa mkono na Rwanda, miezi saba tu baada ya vita vya siku sita vya Juni 2000, Wanyarwanda na Waganda walipotwangana kwa mizinga huku raia wamejificha chini ya vitanda. Njia ya mto kutoka Kinshasa ilikuwa imekatika. Teremka mto zaidi ya kilomita 100 kutoka Kisangani hadi Isangi, pale Lomami inapojimwaga kwenye mto Kongo, na mambo yalikuwa magumu zaidi: mwenye redio ya masafa mafupi na betri zenye uhai alizipata habari za nchi yake kutoka RFI, BBC au Sauti ya Amerika. Sauti ya waziri wa Kinshasa iliwafikia kwa kupitia Paris na London.

Ninaianzia Isangi kwa makusudi. Safu nyingi kuhusu wanasiasa na vyombo vya habari Kongo huandikwa kutoka Kinshasa, na ukiwa Kinshasa ni rahisi kudhani kwamba kuna siasa upande huu na utangazaji upande ule, halafu kuna watu wachache wanaovuka daraja. Isangi haioni hivyo. Hapa watu na mizigo husafiri kwa mto, waziri hupita mara moja katika muda mrefu, mbunge huonekana kura zinapokaribia. Mwanasiasa wa taifa huwa sauti kabla hajawa mtu, na wengi wao hubaki sauti mpaka wanazikwa. Kwa msikilizaji wa namna hiyo, kusema kwamba Sakombi alitoka siasani akaingia kwenye habari ni kusema maneno yasiyo na maana. Lini hakuwa kwenye habari?

Hata hivyo eneo hili lilijua chombo cha habari kabla ya Mbelgiji. Walokele wa kandokando ya mto walikuwa na ngoma za gogo, zenye mdomo wa kupasuliwa na sauti mbili, nene na nyembamba, zilizopeleka ujumbe kijiji hadi kijiji. Mmisionari John Carrington, aliyefika Yakusu miaka ya mwisho ya 1930, alijifunza kuzipiga na mwaka 1949 akachapisha kitabu kilichoeleza namna zinavyofanya kazi. Maneno mengi ya Kilokele yana mpangilio mmoja wa sauti, kwa hiyo mpigaji hawezi kupiga neno peke yake likaeleweka. Hulizungushia maneno mengine, sentensi nzima ya sifa au maelezo, mpaka msikilizaji asikosee. Mtu naye alikuwa na jina lake la ngoma, refu kuliko jina la kuitwa mdomoni. Wanaoisimulia ngoma hii huishia kwenye maajabu yake. Kwangu la maana ni kwamba ngoma ilijibiwa. Kijiji kilichopelekewa ujumbe kilikuwa na gogo lake na mpigaji wake, na kama habari ilikuwa ya uongo, jibu lilirudi kwa masafa yale yale. Redio ilipokuja ilikuwa na nguvu mara elfu, lakini ilisema upande mmoja tu.

Sakombi aliijua nguvu ya chombo cha upande mmoja kuliko Mkongo yeyote wa kizazi chake. Mobutu alitwaa madaraka Novemba 1965, akaunda chama cha MPR mwaka 1967, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1970 alihitaji kitu kikubwa kuliko chama. Sakombi, akiongoza wizara ya habari iliyokuja kuitwa Uelekezaji wa Taifa, ndiye aliyekipa kitu hicho sura. Nchi ikawa Zaire tarehe 27 Oktoba 1971. Januari 1972 majina ya ubatizo yakapigwa marufuku. Joseph-Désiré akawa Sese Seko, na Dominique naye akabaki Sakombi Inongo. Suti na tai zikatupwa, koti lisilo na tai liitwalo abacost likavaliwa. Kardinali Malula alipopinga mambo ya majina, gazeti la Kikatoliki la Afrique chrétienne lilifungiwa na yeye mwenyewe akalazimika kuondoka nchini kwa miezi kadhaa. Yote haya yaliitwa kurudi kwenye asili, na lazima tukubali kwamba si yote yalikuwa hila: mtoto aliyeambiwa kila siku kwamba jina la babu yake ni la kishenzi alipata kitu siku ile. Ndiyo maana kazi ya Sakombi ilishika. Propaganda isiyo na chembe ya ukweli ndani yake huisha haraka.

Picha iliyobaki vichwani mwa watu ni ile ya mwanzo wa taarifa ya habari ya televisheni: uso wa Mobutu ukiteremka kutoka mawinguni, kama mgeni kutoka mbinguni, kabla mtangazaji hajafungua mdomo. Isangi haikuiona. Televisheni haikuwa ya huku. Kilichofika huku ni redio, pamoja na kile kilichoitwa animesheni: wanafunzi, makarani, wafanyakazi wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Yangambi, ambacho kimo ndani ya wilaya hii hii ya Isangi, wote wakiimba na kucheza kwa ajili ya Kiongozi kabla ya kazi, baada ya kazi, na badala ya kazi. Hapo ndipo Sakombi alipowazidi mawaziri wa habari wa nchi jirani. Alielewa kwamba penye umeme unaweza kumwonyesha rais, lakini pasipo umeme ni lazima wananchi wenyewe wawe kipindi. Mwili wa karani wa Yangambi ukawa mtambo wa kurushia matangazo. Hakuhitaji fundi wala vipuri.

Ukafika wakati, mwanzoni mwa 1975, ambapo vyombo vya habari vilikatazwa kwa majuma kadhaa kumtaja kwa jina mtu yeyote asiye Mobutu. Mawaziri, majenerali, magavana, wote walitajwa kwa vyeo vyao tu. Miezi michache nyuma waziri wa mambo ya ndani, Engulu, alikuwa amesema hadharani kwamba Mungu amewapelekea Wazaire nabii, na nabii huyo ni Mobutu, na MPR ni kanisa lake. Tuyaweke mambo haya mawili pamoja: chama kimekuwa kanisa, na ndani ya kanisa hilo ni jina moja tu linaloruhusiwa kutamkwa. Waliojenga nyumba walijikuta wamefungiwa nje.

Nimesoma watu wanaomwita Sakombi mwerevu, wengine wanamwita kikaragosi. Kwa maoni yangu alikuwa fundi, na ufundi wake ulikuwa wa kuelewa saa. Alijua kwamba msikilizaji hashawishiki kwa hoja aliyoisikia mara moja bali kwa kitu kile kile kinachorudi saa ile ile. Rais ndiye habari ya kwanza hata siku ambayo hakufanya lolote. Jina lake linatanguliwa na sifa zile zile, kwa mpangilio ule ule, mpaka masikio yanazikamilisha yenyewe. Mpigaji ngoma wa Kilokele angeutambua mtindo huo mara moja: mtu haitwi jina lake tupu, huitwa kwa msururu wa sifa usiobadilika. Tofauti ni kwamba kwenye ngoma msururu ule ulisaidia ujumbe ueleweke. Kwenye redio ya serikali, Sauti ya Zaire, sifa ndizo zilizokuwa ujumbe wote.

Tarehe 24 Aprili 1990, pale N'sele, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, machozi yakamtoka mbele ya kamera. Magazeti yakachipuka Kinshasa kila juma. Kongamano Kuu la Taifa lililofunguliwa Agosti 1991 lilifikia kurushwa moja kwa moja hewani, na watu wa Kisangani waliokuwa wamezoea sauti moja wakasikia kwa mara ya kwanza Wakongo wakibishana ndani ya redio ya serikali. Ni katika miaka hiyo Sakombi alipotokea upya, safari hii kama mlokole. Alianzisha huduma aliyoiita Sauti ya Mungu, akazunguka akishuhudia kwamba utawala alioutumikia ulikuwa umefungamana na nguvu za giza, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa kuhani wa sanamu.

Watu walijaa. Kwa nini wasijae? Makanisa ya uamsho yalikuwa yakienea kila mtaa wa Kinshasa, uchumi ulikuwa umeporomoka, wanajeshi walikuwa wamepora miji mwaka 1991 na tena 1993, na kila mtu alikuwa akitafuta maelezo. Akaja mtu kutoka ndani ya jumba lenyewe akasema: maelezo ninayo, nilikuwapo. Katika makanisa hayo ushuhuda una thamani kulingana na ukubwa wa dhambi. Mlevi aliyeacha pombe anasikilizwa kwa heshima. Mtu aliyemweka rais mawinguni anasikilizwa kwa kushika pumzi. Kile ambacho kingekuwa aibu ya maisha yake yote kiligeuka mtaji wake.

Nina shaka na toba ya namna hiyo, na nitasema wazi ni kwa nini. Sina njia ya kupima moyo wa mtu, wala sitaki. Shaka yangu ni juu ya umbo lake. Ushuhuda wa ulokole humfanya shetani kuwa mshtakiwa, na shetani hana anwani, haitwi mahakamani, wala hadaiwi mali. Ukisema nchi iliharibiwa na mapatano ya kichawi, wale waliotia sahihi amri za kufunga magazeti, walioamua bajeti ya shule za eneo letu la Tshopo iende wapi, na waliomtoa mtu kitandani usiku wanageuka nao kuwa wahanga wa nguvu iliyowazidi. Msikilizaji wa Isangi aliyelazimishwa kucheza animesheni akiwa na njaa huambiwa kwamba aliyemchezesha alikuwa amepagawa. Labda. Lakini ratiba ya kucheza ilipigwa chapa kwa mashine ya ofisi.

Tena ufundi ulikuwa ule ule. Kurudia, saa maalumu, sifa zinazotangulia jina, umati unaoitikia. Miaka ya 1970 siasa ilikwenda kanisani kuazima maneno: nabii, Masihi, kuteremka kutoka juu. Miaka ya 1990 mtu yule yule aliyarudisha maneno kanisani, yakiwa yamekolezwa na miaka ya mazoezi. Alitubia yale aliyoyasema, na sijaona popote alipotubia kazi ya kusema kwa niaba ya mkubwa asiyejibiwa. Alibadilisha mkubwa.

Kuna filamu ya Mbelgiji Thierry Michel, Mobutu, roi du Zaïre, ya mwaka 1999. Sakombi ni mmoja wa wanaohojiwa. Ukimtazama akieleza namna sura ya Mobutu ilivyotengenezwa, unamwona mtu anayehukumu kazi yake na wakati huohuo anaifurahia, kama seremala anayekuonyesha kiungo cha kabati aliloiba mbao zake. Ni hapo, mbele ya kamera ya mgeni, ndipo kwa maoni yangu alipokamilika kuwa mtu wa vyombo vya habari kwa maana tunayoijua leo: mtu ambaye maisha yake yamekuwa kipindi, na kipindi hicho anakisimulia yeye mwenyewe.

Majeshi ya Kabila baba yalipoingia Kinshasa tarehe 17 Mei 1997, baada ya kupita Kisangani mwezi Machi, ungetegemea jina la Sakombi liwe mwiko. Haikuchukua miaka mingi akawa waziri wa mawasiliano. Na hapa historia ikafanya mzaha. Septemba 2000, yeye akiwa waziri, vituo kadhaa vya redio na televisheni vilisimamishwa, na viwili vikatwaliwa na serikali. Kimoja kilikuwa Canal Kin cha Jean-Pierre Bemba, aliyekuwa wakati huo akiongoza uasi wa MLC kutoka kaskazini. Cha pili kilikuwa RTKM, mali ya Ngongo Luwowo, ambaye naye aliwahi kuwa waziri wa habari wa Mobutu. Waziri wa habari anamnyang'anya kituo waziri wa habari mwenzake. Mmoja alikuwa ameelewa kwamba cheo hupita, basi ujenge mtambo wako. Mwingine alikuwa ameelewa kwamba mtambo hutwaliwa, basi kikalie cheo. Wote wawili walifikiri sawa.

Aprili 2001 Joseph Kabila, aliyemrithi baba yake, alibadilisha serikali, Sakombi akaondoka, na wizara ikaenda kwa Kikaya Bin Karubi, aliyewahi kuongoza RTNC, redio na televisheni ya taifa. Sakombi alifariki mwaka 2010.

Msomaji wa Kisangani anaweza kusema: haya ni mambo ya Kinshasa, sisi tuna Lumumba. Ni kweli, na Lumumba ni sehemu ya hoja yangu. Kabla hajawa mwanasiasa alikuwa karani wa posta, na katika kazi hiyo aliwahi kupangiwa Yangambi. Baadaye, akiwa Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, aliandika makala katika magazeti ya Wakongo waliosoma, akashughulikia jarida la wafanyakazi wa posta, na alipofungwa mwaka 1956 aliandika kitabu kizima gerezani. Chama chake cha MNC kilikuwa na gazeti Stanleyville lililoitwa Uhuru. Mobutu naye alikuwa mwandishi wa magazeti Léopoldville, Kinshasa ya leo, akitumia jina la De Banzy. Antoine-Roger Bolamba, aliyekuwa mhariri wa La Voix du Congolais, aliingia katika serikali ya Lumumba akashika mambo ya habari. Kwa ufupi, kizazi cha uhuru hakikutoka jeshini wala bungeni, maana bunge halikuwapo na jeshi lilikuwa la Wabelgiji. Kilitoka kwenye meza ya mhariri. Mkoloni aliwaruhusu Wakongo wachache waandike miaka kumi na zaidi kabla hajawaruhusu wapige kura, kwa hiyo aliyetaka kuwa mwanasiasa alianza kwa kuwa mwandishi.

Ndiyo sababu ugomvi wa kwanza mkubwa wa nchi hii huru ulipiganiwa redioni. Jioni ya tarehe 5 Septemba 1960 Rais Kasa-Vubu alikwenda redioni akatangaza kumfukuza waziri mkuu wake, Lumumba. Lumumba akakimbilia redio ile ile, usiku ule ule, akazungumza mara tatu, akatangaza kumfukuza Kasa-Vubu. Kesho yake Umoja wa Mataifa, kwa uamuzi wa Andrew Cordier, ulifunga kituo pamoja na viwanja vya ndege. Kasa-Vubu alikuwa na rafiki ng'ambo ya mto, Brazzaville, na redio yake. Lumumba hakuwa na rafiki mwenye redio karibu. Waziri mkuu mwenye wingi bungeni alishindwa, pamoja na sababu nyingine nyingi, kwa sababu alinyimwa mikrofoni katika juma ambalo mikrofoni ndiyo iliyokuwa serikali. Novemba mwaka huo alijaribu kufika Stanleyville kwa barabara. Alikamatwa Sankuru, akauawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Mobutu, aliyeyashuhudia yote, hakusahau somo hilo, na Sakombi ni matunda yake.

Nchi nyingine zina watu wanaofanana naye kwa nje. Waingereza wana Michael Portillo, aliyekuwa waziri wa ulinzi hadi chama chake kiliposhindwa mwaka 1997, akaliacha bunge mwaka 2005, na tangu 2010 anajulikana kwa vipindi vya televisheni vya safari za treni. (Kisangani tuna reli yetu ya kilomita 125 kwenda Ubundu, angekuja kwetu kipindi kingekuwa kirefu kuliko alivyopanga.) Lakini Portillo alipopanda treni aliiacha serikali nyuma yake. Hakuna aliyefikiri kwamba akisifu daraja la Scotland anatengeneza njia ya kurudi wizarani. Karibu nasi zaidi ni Joseph Tamale Mirundi wa Uganda, katibu wa habari wa Museveni kwa zaidi ya miaka kumi hadi 2015, ambaye baada ya hapo akawa nyota wa redio na televisheni Kampala kwa kuwachana mawaziri kwa majina, mpaka alipofariki Agosti 2024. Watu walimpenda kwa sababu alionekana anatoa siri za ndani. Yeye na Sakombi waliuza bidhaa moja, mlango wa ikulu uliofunguliwa kidogo. Mirundi alimwacha rais mwenyewe mbali na kelele zake, akawapiga waliomzunguka. Sakombi alimpiga rais aliyeanguka. Usalama wa kila mmoja ulikuwa katika uchaguzi huo.

Kwetu, baada ya sheria ya uhuru wa vyombo vya habari ya tarehe 22 Juni 1996, na hasa baada ya vita, Ngongo Luwowo ndiye aliyepata wanafunzi wengi. Bemba alirudi na vituo vyake Kinshasa. Septemba 2006, kati ya duru mbili za uchaguzi ambao yeye alikuwa mgombea, jengo la vituo hivyo liliteketea kwa moto. Moïse Katumbi alikuwa na vyake Lubumbashi. Kin-Kiey Mulumba, mwanzilishi wa gazeti la Le Soft, alikuwa waziri wa habari katika serikali ya mwisho ya Mobutu, kisha akawa msemaji wa RCD-Goma, ile ile iliyoitawala Kisangani, kisha akawa waziri chini ya Joseph Kabila. Ukiweka wasifu wake na wa Sakombi juu ya meza moja, tofauti kubwa ni kwamba Kin-Kiey hakuhitaji kuokoka.

Tangu 25 Februari 2002 tuna Radio Okapi, ambayo si mali ya mwanasiasa, na ndiyo iliyowazoesha wasikilizaji wa mashariki kusikia pande mbili katika habari moja, kwa Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Ciluba pamoja na Kifaransa. Redio za kijamii za majimboni ni mambo mengine. Nyingi zina mlingoti mfupi, jenereta, watangazaji wasio na mshahara. Mafuta yakiisha, kituo kinanyamaza. Hapo anatokea mheshimiwa: analeta mafuta, sahani mbili za sola, bahasha ya coupage kwa mwandishi atakayemfuata mkutanoni. Haombi kipindi chenye jina lake. Anaombwa yeye. Kabla ya kura anakuwa mgeni wa asubuhi, baada ya kura akishindwa anakuwa mchambuzi, na miaka miwili mbele watoto wanamjua kama mtu wa redio. Hivyo ndivyo mwanasiasa anavyogeuka mtu wa habari huku kwetu leo, bila tangazo lolote, na bila hata yeye kukusudia sana. Kituo kinamhitaji zaidi ya yeye anavyokihitaji.

Wenzangu wa Kinshasa hupenda kumaliza mjadala huu kwa kuwaita wasimamizi: zamani Mamlaka Kuu ya Vyombo vya Habari iliyoongozwa na Modeste Mutinga, ambaye mwenyewe alikuwa mwenye gazeti la Le Potentiel na baadaye akawa seneta, sasa CSAC, iliyoundwa kwa sheria ya Januari 2011. Mimi sioni msimamizi wa Kinshasa akihesabu dakika za kituo kilicho kando ya Lomami, na sidhani tumngoje. Jambo la karibu zaidi linawezekana. Redio ya mji mdogo inajua nani amelipa mafuta ya juma hili. Inaweza kulisoma jina hilo hewani, kila siku, kabla ya taarifa ya habari, kama inavyosoma matangazo ya vifo na ya mbuzi waliopotea. Meneja mmoja wa redio niliyemweleza wazo hili alicheka, akasema mheshimiwa atafurahi sana kutajwa kila siku. Nikamwambia ataje na kiasi cha fedha. Hakucheka tena, akaniuliza kama nina habari ya lita moja ya mafuta inauzwaje sasa Isangi.